Safu Iliyoachwa Wazi

Haika Mosha hajui kukaa. Ukimpa kiti atakalia ukingo, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe hospitalini, na kabla hujamaliza kumimina chai ameshasimama kuchungulia dirishani, ameshafungua friji na kuifunga, ameshauliza ni saa ngapi na wala hakusikiliza jibu. Binti yake Angel, mzaliwa wa London anayekielewa Kiswahili chote lakini hukijibu kwa Kiingereza, humwambia, "Mama, mimi niliyekaa ndiye ninayechoka." Na mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyekwenda kuomba kazi ya kukaa.

Si kwamba ni mvivu. Miaka ishirini na moja aliwaogesha wazee wa watu katika nyumba ya kulelea wazee huko Walthamstow. Aliwageuza, aliwalisha, aliwafunga vifungo vya sweta, akaitwa majina mazuri na majina mabaya na watu wasiokumbuka hata majina yao wenyewe. Goti la kulia ndilo lililosema basi. Mumewe Philemon alikuwa amekwenda Arusha kujenga nyumba ya uzeeni. Nyumba ikaisha, Philemon akabaki nayo. Kwa hiyo Haika alipoona tangazo kwamba nyumba ya kumbukumbu inatafuta watu wenye macho mazuri na subira, wa kunakili madaftari ya kale kwenye kompyuta, alijaza fomu. Macho anayo. Kwenye subira alidanganya.

Madaftari yenyewe yalikuwa ya magonjwa ya kuambukiza. Zaidi ya miaka mia iliyopita, wilaya ile ilikuwa na bwana afya wake aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kwa miguu yake. Daktari akitoa taarifa tu kwamba kuna mtoto mwenye dondakoo, au homa ya matumbo, au ile homa ya vipele vyekundu iliyokuwa ikizoa watoto wa shule, bwana afya huyo mlangoni. Anagonga, anauliza, anaandika. Jina, umri, nyumba namba ngapi, maziwa mnanunua kwa nani, choo mnatumia watu wangapi, mtoto anasoma wapi. Halafu linakuja gari la farasi kumchukua mgonjwa kwenda hospitali ya kuwatenga, na nyuma yake wanaume wa kufukiza chumba kwa salfa. Safu ya mwisho kabisa, upande wa kulia, ilijazwa baadaye: alirudi, au alikufa, na tarehe. Bwana afya hakuandika jina lake popote, ametia herufi mbili tu chini ya kila ukurasa. Mwandiko wake ni wa mtu mwenye haraka.

Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Shilpa, msichana wa miaka thelathini hivi, ambaye mama yake alizaliwa Mwanza na kumlea kwa Kiswahili cha jikoni. Wenzake Haika walikuwa wakinakili mistari sitini kwa siku. Haika, ishirini na miwili. Shilpa akaona si bure, asubuhi moja akamnyemelea kwa nyuma. Akamsikia ananong'ona.

"Unaongea na nani, aunty?"

"Na wenyewe," alisema Haika, bila kugeuka. "Nawapa pole."

"Wote?"

"Sasa nibague? Unasoma kwamba mtoto wa mwenzio ana dondakoo, halafu upite hivi hivi kama umeona tangazo la sabuni? Wewe umelelewa na nani?"

Shilpa alicheka mpaka akashika meza, akamwacha. Angefanyaje? Lakini Haika hakuwa anatania. Alikuwa na utaratibu wake. Aliyerudi, unampa pole ya kuugua, nyepesi, unaendelea. Aliyekufa, unampa mama yake pole ya msiba, na hiyo haisemwi kwa haraka. Kila mstari aliufikisha mpaka safu ya mwisho ndipo ajue aseme ipi. Kwa siku nyingi utaratibu ule ulimtosha, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni alikuwa anaweza kukaa saa nzima bila kusimama.

Mpaka Jumanne ya wiki ya mwisho. Kazi ilikuwa inafungwa Ijumaa. Haika akafika kwa Polly Dack, miaka mitano, nyumba namba kumi na saba, homa ya vipele vyekundu, Novemba ya mwaka elfu moja mia tisa na saba, amechukuliwa na gari siku hiyo hiyo. Akatelezesha kidole kwenda kulia. Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

Akafunua ukurasa wa mbele, labda wino umeruka. Akafunua wa nyuma. Watoto wote wa mtaa ule wamejazwa, hata mapacha wa namba tisa waliokufa siku mbili mfululizo. Polly peke yake ndiye aliyepanda gari la farasi na hakuna aliyeandika alishukia wapi.

"Shilpa, huyu hana mwisho."

Shilpa akaja, akaangalia. "Andika haijulikani, aunty, uendelee. Yatakuwepo mengi ya hivyo."

"Mtoto hawezi kuwa haijulikani."

"Ni neno tu la kujazia."

"Kwako," alisema Haika, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia. Akasimama, akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi. Siku ile alinakili mistari minne.

Mnadhani ni ukaidi tu wa uzee. Hapana. Neno lile lilikuwa limekaa kwao miaka arobaini na saba, lina kiti chake mezani.

Haika alikuwa na mdogo wake, Zephaniah. Baba yao alikuwa fundi wa reli, wakaishi Tanga kwenye nyumba za reli. Mwaka wa kipindupindu mama alikuwa amepanda kwenda Marangu kwenye msiba wa dada yake, baba yuko safarini, Haika ana miaka kumi na miwili na mdogo wake ana sita. Mtoto akaanza kutapika alfajiri, saa tatu gari la watu wa afya likamchukua kumpeleka kambi ya kuwatenga wagonjwa. Mama aliporudi alikwenda kambi ile na hati ya ubatizo mkononi, akauliza, akaambiwa mtoto huyo hayumo. Hayumo kwa wagonjwa, hayumo kwa waliozikwa. Mtafute kambi nyingine. Akatafuta. Siku kadhaa baadaye ile ya kwanza ikafungwa, mahema yakachomwa, na mashimo yakawa yameshafukiwa kwa chokaa, na Zephaniah hakuonekana wala hai wala maiti.

Kwa hiyo Mama Haika hakuweka matanga. Utaweka matanga ya nani, wakati hakuna aliyekuambia amekufa? Pengine mtu alimwokota, alisema. Pengine yuko Mombasa, ana wajukuu. Majirani walikuja kukaa naye akawarudisha mlangoni. Sasa ana miaka themanini na sita, anaishi Marangu na Godson, mwanawe wa mwisho aliyezaliwa baadaye, na kila Jumapili Haika anapopiga simu huulizwa jambo lile lile, "Haika, huko kwenu kuna mashine za kutafuta watu. Umeshawauliza?"

Na Haika hujibu kwamba ataulizia. Kila Jumapili. Ilhali kuna jambo analijua tangu mwaka ule, na hajawahi kulitamka kwa mama, kwa mume, wala kwa padre au mchungaji yeyote. Hilo ndilo linalomnyima kukaa kwenye kiti. Mwanamke huyu anajua mama yake hana miaka mingi, na anajua kwamba asiposema yeye, mama atakufa anamsubiri mtu.

Jumatano alishuka kituo kimoja kabla ya chake akatembea sokoni bila kununua kitu, akipapasa nyanya za watu mpaka mwenye meza akamuuliza kama anataka au hataki. Alipofika kazini hakufungua mstari mpya. Alirudi kwa Polly. Safari hii alisoma maelezo madogo yaliyobanwa pembeni, yale ambayo wanakili waliambiwa wayaruke kwa sababu hayana safu kwenye kompyuta. Bwana afya alikuwa ameandika, kwa haraka yake ile ile, kwamba mama hayupo, yuko kazini kufua, na habari zimetolewa na dada wa mgonjwa, miaka kumi na mmoja.

Haika akavua miwani.

Loo! Alimwona kabisa. Alimwona yule mtoto wa kike mlangoni, mikono ina unga wa uji, mwanaume mrefu mwenye daftari anamsubiri. Mgonjwa anaitwa nani? Na mtoto anasema jina analoitwa mdogo wake pale nyumbani, lile la kumwitia chakula, kwa sababu kichwani hana jingine. Haika alijua hivyo kwa sababu ndivyo alivyofanya yeye.

Kwao Zephaniah lilikuwa jina la kanisani, limeandikwa kwenye hati na kuwekwa sandukuni. Nyumbani aliitwa Ndesa, kifupi cha Ndesario, jina la Kichaga alilopewa na bibi. Na baba yao hapo reli hakuna aliyemwita Elinami Mosha. Alikuwa Baba Haika, kama ilivyo kwa mzazi yeyote mwenye mtoto wa kwanza. Yule bwana aliyekuja na gari la kambi alipouliza mgonjwa ni nani, Haika alisema Ndesa. Mtoto wa nani? Wa Baba Haika. Bwana akaandika, akabamiza mlango wa gari, wakaondoka. Ndesa wa Baba Haika ndiye aliyeingia kambini. Mama akaenda kumuulizia Zephaniah Elinami Mosha.

Jioni ile mama aliporudi kutoka kambini, akakaa sakafuni akasema, "Wanasema hayumo," Haika alielewa pale pale. Miaka kumi na miwili, lakini alielewa. Alikuwa ameonywa mara ngapi: ukiulizwa na mtu wa serikali, taja jina kamili. Aliogopa kuchapwa. Akasema moyoni atasema kesho. Kesho mama alitoka alfajiri kwenda kambi ya pili, kesho kutwa ya tatu, na kadiri siku zilivyopita ndivyo lilivyokuwa gumu kutamka, mpaka likawa haliwezekani kabisa.

"Shilpa," aliita. "Hospitali ile ya kuwatenga, madaftari yake yako wapi?"

"Chini, kwenye maboksi. Hayamo kwenye kazi yetu."

"Niletee ya Novemba."

"Aunty, tunafunga keshokutwa, una mistari mia na—"

"Niletee, mwanangu. Usiniulize."

Labda ni ile mwanangu. Shilpa alishuka mwenyewe, akapanda na boksi lenye vumbi, akaliweka mezani. Polly Dack hakuwamo. Haika hakushangaa wala hakumtafuta. Alitafuta tarehe, halafu akatafuta mtoto yeyote wa kike wa miaka mitano kutoka nyumba namba kumi na saba. Ilimchukua Jumatano yote na nusu ya Alhamisi, maana walioletwa na magari wiki ile walikuwa wengi na karani wa hospitali naye alikuwa na mwandiko wa kuku. Saa sita mchana wa Alhamisi akamkuta. Mary Ann Sorrell, miaka mitano, namba kumi na saba. Jina la shuleni, na jina la baba aliyemzaa. Dack alikuwa baba wa kambo. Mtoto mwenyewe, alipoulizwa na wauguzi, alikuwa amejibu kama alivyofundishwa na mwalimu.

Chini ya jina kulikuwa na maandishi. Mama alikuja siku ya pili kumuulizia Polly, akaambiwa hayumo. Siku ya nne akarudi. Mkuu wa wauguzi akamuuliza mtoto ana alama gani, akasema kovu la maji ya moto bega la kushoto, wakampeleka dirishani akamwona. Aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe kumi na moja Januari. Hospitali ikapeleka taarifa ya Mary Ann kwa bwana afya, naye bwana afya akatafuta Mary Ann kwenye daftari lake, hakumpata, akaacha safu ya Polly wazi. Madaftari mawili ya ofisi mbili, kila moja linamsubiri mtoto wa mwenzake kwa zaidi ya miaka mia.

"Yuko hai!" alisema Haika kwa sauti, na chumba kizima kikageuka. "Alirudi! Shilpa, mtoto alirudi nyumbani!"

Shilpa alimkumbatia. Wale wanakili wengine wakapiga makofi ingawa hawakujua wanapigia nini. Haika akaandika alirudi, akaandika na tarehe, akampa Polly pole ya kuugua na dada yake pole ya kuuguliwa. Halafu akasoma tena lile neno dogo. Ana alama gani. Ndesa alikuwa na alama. Alikuwa amekatika ncha ya sikio, aliumwa na bata mzinga akiwa na miaka mitatu, hakuna mtoto mwingine Tanga nzima aliyekuwa na sikio lile. Mama angelitaja wakampeleka hemani. Lakini hakuna aliyemuuliza, na mtu pekee ambaye angeweza kumwambia rudi, mama, muulizie Ndesa, alikuwa amejikunyata kitandani anaogopa fimbo.

Haika alisimama, akakaa, akasimama. Akachukua koti, akaliacha. Akatoka mpaka kwenye ngazi za dharura, zile za zege ambazo hazipitwi na mtu, akashuka orofa moja, akapanda, akashuka. Saa saba na robo za London, Marangu bado ni mchana. Akapiga.

Godson akapokea. "Shikamoo, dada. Kuna nini?"

"Marahaba. Mpe mama."

"Dada, uko salama?"

"Mpe mama, Godson!"

Akasikia kiti kikisogezwa, kuku wakifukuzwa, simu ikibadilishwa mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo si Jumapili."

"Si Jumapili, mama."

Watu wa umri wa mama wanajua simu ya siku isiyo yake. "Nani amekufa?" aliuliza.

Haika alikuwa amepanga maneno. Alikuwa ameyapanga kwa miaka. Yote yakamkimbia, likabaki moja. "Zephaniah, mama."

Halafu akamweleza. Alimweleza vibaya, anarukaruka, anaanzia katikati, analia na kujifuta kwa mkono wa sweta. Yule bwana mwenye daftari. Ndesa wa Baba Haika. Ile jioni mama alipokaa sakafuni. "Uliposema hayumo nikajua, mama. Siku ile ile nikajua, nikanyamaza. Niliogopa kupigwa. Nisamehe. Alikuwemo, mama. Alikuwemo, ni mimi nilimficha."

Upande wa pili redio ya Godson ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Ulisema Ndesa," alisema mama hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Na yule bwana akaandika."

"Aliandika. Nilimwona."

"Basi alikuwa mle ndani." Mama alivuta pumzi, ndefu. "Yule mlinzi wa geti la kambi hakuwa mtu mbaya, Haika. Sijawahi kukwambia hili. Alinionea huruma. Akaniambia, mama, mwite basi, mahema hayako mbali, kama yumo atasikia. Nikamwita. Nilikuwa nimeshika hati, nimesimama mbele ya watu wa serikali, nikaona nimwite kwa heshima, jina kamili. Zephaniah! Zephaniah Elinami! Nikaita mpaka sauti ikakauka. Hakuitika mtu. Nikasema basi, kweli hayumo, nikaondoka kwa miguu yangu."

"Mama—"

"Nani aliwahi kumwita Zephaniah? Mtoto mgonjwa, amelala na homa, anasikia mwanamke anaita Zephaniah huko nje. Angejuaje kwamba ni yeye?"

Haika alikaa. Alikaa kwenye ngazi ya zege, goti likalia, hakulisikia.

"Haika."

"Abee, mama."

"Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa na thelathini na tisa." Sauti ya mama haikuwa na hasira ndani yake. "Usikate simu. Na wewe Godson, usiniletee maji, siumwi. Kaa hapo hapo, Haika."

"Nimekaa, mama."

Na Mama Haika akaanza kumwita mwanawe. Ndesa, aliita, Ndesa, we Ndesa, kwa sauti ile ya mama aliyesimama mlangoni jioni anamwita mtoto arudi ndani ale.